Bukoba hadi Mwanza ni dakika ngapi?



Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Bukoba. Baada ya salamu na pole za kazi, anasema hivi: "Mama yangu amepangiwa kumwona daktari Bugando, saa 3 asubuhi. Meli hapandi tangu Mei 1996, na basi linamuumiza mgongo. Nimeambiwa kwa ndege ni kilomita 175 tu, na ndege hizi za panga boi zinakwenda kilomita 550 kwa saa. Nimepiga hesabu, nimepata dakika 19. Mbona ratiba inaandika zaidi ya mara mbili ya hapo? Na je, tukipanda ndege ya asubuhi siku ile ile, tutawahi?"

Ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la hesabu, na hesabu ina majibu. La pili limenirudisha kwenye jambo ambalo nisingependa sana kulisimulia, lakini nitalisimulia.

Tuanze na hiyo 175, maana wapo watakaouliza imetoka wapi, wakati kila mtu anajua Mwanza na Bukoba si jirani.

Katika ramani za wanaanga kila uwanja una anwani yake. Uwanja wa Bukoba uko digrii 1 na dakika 20 kusini mwa Ikweta, na digrii 31 na dakika 49 mashariki. Ule wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. Dakika hizi si za saa ya mkononi. Digrii moja imekatwa vipande 60, na kila kipande kikapewa jina hilo. Sasa toa ndogo kwenye kubwa. Kwenda kusini utapata dakika 67. Kwenda mashariki utapata dakika 67. Zinalingana kana kwamba kuna mtu alizipima kwa kamba! Maana yake, anayeruka kutoka Bukoba kwenda Mwanza anaelekea kusini-mashariki barabara, kama mtu anayekata kiwanja cha mraba kutoka pembe moja hadi pembe ya pili.

Mabaharia wa zamani walituachia urahisi mkubwa. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na hapa kwetu karibu na Ikweta dakika ya longitudo nayo inakaribia kuwa hivyo hivyo. Basi tuna pembetatu yenye pande mbili za maili 67. Waliopita sekondari wanaikumbuka kanuni ya Pythagoras: 67 mara 67 ni 4,489, ukiijumlisha na nyingine kama hiyo ni 8,978, kipeuo chake cha pili ni karibu 95. Maili 95 za baharini ni kama kilomita 175. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaifanya kwa kalamu na nyuma ya bahasha.

Mstari huo unapita juu ya maji karibu wote. Siku ya anga safi, ukitoka Bukoba na kukaa dirisha la kulia, utaviona visiwa vya Bumbire mapema, na baadaye sana, kwa mbali, Kome. Barabara haina njia hiyo. Yenyewe lazima ilizunguke ziwa: Muleba, Biharamulo, Geita, Sengerema, mpaka Busisi, zaidi ya kilomita 400. Na hapo Busisi, hadi mwaka 2025, ulikuwa unashuka kwenye gari na kusubiri kivuko, na foleni ya kivuko haikuwa na ratiba. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kipande kile sasa ni dakika chache. Meli nayo husafiri usiku. Unalala Bukoba ndani ya meli, unaamka Mwanza. Lakini sina haja ya kumweleza mtu wa Kagera kwa nini mama yake hapandi meli. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Karibu kila familia ya huko ina jina la kutaja.

Kwa hiyo ndege. Sasa zile dakika 19.

Hesabu ya dada yetu ni sahihi kabisa kwa ndege ambayo haikupaa na haikutua. Kilomita 550 kwa saa ni mwendo wa ndege aina ya ATR 42 ikiwa imeshafika juu na kutulia. Dereva wa basi akikwambia gari lake linakwenda 80 kwa saa, huchukulii kwamba linatoka stendi likiwa 80. Ndege inaanza kwa kutambaa kama gari la ng'ombe hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Inageuka. Inasubiri ruhusa ya mnara. Inapaa, na wakati wa kupanda nguvu kubwa inakwenda kwenye kuinua uzito, si kwenye mwendo. Pengine iko 300 na kidogo. Ikifika juu inakaza mwendo, lakini katika safari ya kilomita 175 haikai huko. Abiria hajamaliza maji yake, rubani ameshaanza kushuka. Karibu na ardhi mwendo unapunguzwa tena, ndege inapangwa nyuma ya nyingine kama zipo, inajiweka sawa na njia, inatua, inatambaa mpaka inaposimama.

Ndiyo maana wenye ndege hawahesabu kama tunavyohesabu sisi. Saa yao inaanza pale kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu, na inasimama pale kabari zinaporudishwa kule mwendako. Muda huo ndio unaoandikwa kwenye ratiba. Kwa Bukoba na Mwanza, hewani utakuwa nusu saa hivi, na kuanzia kabari hadi kabari dakika 40 au zaidi. Hakuna aliyekudanganya.

Wengine huuliza habari ya upepo. Upepo wa mashariki unaotawala anga letu humsukuma anayekwenda Bukoba na kumzuia anayekwenda Mwanza. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, katika safari fupi namna hii, utabadilisha kama dakika moja na nusu tu. Tuuache.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kutambaa, kupaa, kushuka na kupanga foleni havijali urefu wa safari. Unavilipa vyote kwa Mwanza, kama unavyovilipa kwa Dar es Salaam. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa mstari ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa basi ni safari ya kukesha. Hapo ndege inakuokolea siku nzima. Kwa Mwanza, jumlisha mwenyewe. Utatakiwa kuwa uwanjani saa moja au mbili kabla. Bukoba uwanja uko mjini, karibu na maji, huko hupotezi muda. Mwanza ukishatua utasubiri mizigo, kisha utafute gari mpaka mjini, halafu upande kilima cha Bugando. Zile dakika 40 zimeshakuwa saa tatu na zaidi, tangu mlango wa nyumbani hadi mlango wa daktari. Bado ni nafuu kuliko barabara, hasa kwa mgongo wa mama. Lakini si dakika 19, wala si 40.

Hayo ndiyo ya hesabu. Sasa la asubuhi.

Ndugu wasikilizaji, ndege itakayokutoa Bukoba asubuhi lazima kwanza ifike Bukoba. Haikulala pale, mara nyingi imetoka mjini kwingine alfajiri ile ile. Tiketi yako imeandikwa saa ya kuondoka, lakini saa hiyo imeegemea safari ya watu wengine kabisa, ambao wakati wewe unakunywa chai wao wako juu ya mawingu wakitazama dirishani. Na asubuhi ndiyo saa ngumu ya Bukoba.

Sababu yake ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa upesi, lakini maji ya Victoria yanabaki na joto lake. Hewa baridi ya nchi kavu inateremka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, inakutana huko, na kwa kuwa haina pa kwenda inapanda juu na unyevu wote wa maji yale. Hapo yanazaliwa mawingu ya radi, usiku wa manane, mahali ambapo hakuna mtu isipokuwa wavuvi. Kisha upepo wa mashariki unayasukuma kuelekea magharibi, na magharibi kuna nini? Kuna Bukoba. Kwa hiyo mvua ya radi inaingia pwani ya Kagera alfajiri na asubuhi. Mchana mambo yanageuka: nchi kavu inapata joto, hewa inatoka ziwani, mawingu yanajengeka bara na ziwa linatulia. Bukoba hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na wenyeji wanajua kwamba sehemu kubwa ya mvua hiyo inawakuta bado wamejifunika.

Ongeza na uwanja wenyewe. Njia ya kurukia ya Bukoba haifiki nusu ya ile ya Mwanza kwa urefu, upande mmoja kuna maji na nyuma ya mji kuna vilima. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo ndege hutua kwa mwendo mkubwa zaidi na huhitaji nafasi zaidi ya kusimama. Viwanja vingi vidogo vya mikoani havina mitambo ya redio inayomshika rubani mkono mpaka chini. Anategemea macho yake. Kuna kimo alichowekewa: akifika kimo hicho bila kuiona njia, haruhusiwi kuendelea kushuka akibahatisha. Anapandisha ndege, anajaribu tena, au anaondoka.

Nilisema nitasimulia.

Mwaka 2012 nilikuwa nakwenda kumzika baba mkwe, kijiji kimoja nje ya Bukoba. Mke wangu alikuwa ametangulia. Mimi nililala Mwanza, nikakata tiketi ya asubuhi, maana mazishi yalikuwa saa 8 mchana na nilishapiga hesabu zangu, kama dada yetu alivyopiga zake. Tuliondoka kwa kuchelewa kidogo. Tulipofika juu ya Bukoba, dirishani kulikuwa kweupe kama ndani ya mfuko wa unga. Tukashuka, tukapanda. Tukazunguka. Tukashuka tena, na mara hii niliona maji, meusi, karibu kuliko nilivyotegemea, kisha injini zikanguruma tukapanda tena. Rubani akatangaza kwamba tunarudi Mwanza.

Tulipotua Mwanza nilisimama kabla ya mlango kufunguliwa. Nilimwambia mhudumu wa ndege, binti mdogo ambaye kosa lake lilikuwa kusimama mbele yangu, kwamba nimelipa nauli ya kwenda Bukoba na si ya kutalii ziwa. Nilisema rubani ni mwoga. Nilisema kwa sauti ya redio, ili na yeye asikie huko mbele. Abiria wengine wakaitikia. Hakuna aliyetueleza kitu. Tuliambiwa "hali ya hewa", tukaachwa kwenye viti vya kusubiria. Na Mwanza, nakumbuka, jua lilikuwa linawaka. Nani angeamini?

Tulikodi gari watu wanne. Busisi tulikaa kwenye foleni ya kivuko hadi jua likapinda. Nilifika msibani saa 3 usiku. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na maua, na wazee wa ukoo walinipokea kwa adabu zote, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama wangenisema. Mke wangu hakuniuliza kitu. Kwa miaka kadhaa nilipoulizwa kwa nini sikumzika mkwe wangu, jibu langu lilikuwa lile lile: rubani alikuwa mwoga.

Tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa 3 asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, karibu sana na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, wakiwamo marubani wote wawili. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mazungumzo haya hayana uwezo wa kusema nani alikosea nini. Hiyo ni kazi ya wachunguzi na vyombo vyao. Ninachoweza kusema ni cha kwangu. Siku hiyo nilikaa studio nikisoma habari ile kila saa, na kila nilipofika kwenye maneno "ikijaribu kutua" niliyaona yale maji meusi ya dirishani, na nikamkumbuka yule binti.

Baadaye nilimwuliza rubani mmoja mstaafu, mtu asiyependa kutajwa, kuhusu mafuta, maana nilikuwa nimeamini kwamba tulirudishwa ili kubana matumizi. Akacheka. Aliniambia kwamba ndege haiondoki na mafuta ya kufika tu. Inabeba ya kufika, ya kujaribu kutua, ya kwenda uwanja mwingine uliochaguliwa kabla ya kuondoka, na juu ya hayo, kwa ndege za injini za aina hii, akiba ya nusu saa ya kuzunguka hewani. Kwa anayekwenda Bukoba, uwanja huo mwingine mara nyingi ni Mwanza. Kwa maneno mengine, kurudi Mwanza kulikuwa ndani ya mpango tangu asubuhi, kumeandikwa kwenye karatasi na kulipiwa mafuta yake. Mimi tu ndiye sikuambiwa.

Na hapo nina neno kwa wenye ndege. Abiria anaweza kuvumilia mvua. Asichoweza kuvumilia ni kuambiwa "hali ya hewa" na mtu anayetazama pembeni, wakati nje jua linawaka. Ingechukua dakika mbili kusema kwamba mvua iko Bukoba na si hapa, kwamba imetoka ziwani, kwamba ikifika saa 5 au 6 huenda ikawa imepita na tutajaribu tena. Mtu mwenye msiba angejua kama asubiri au akodi gari. Sisi wa vyombo vya habari nasi tunatangaza "ndege zimechelewa" kana kwamba ndege ni mtoto mtoro.

Basi, dada yetu wa Bukoba, jibu la swali lako la pili ni hapana. Usimpandishe mama ndege ya asubuhi kwa miadi ya saa 3 asubuhi siku ile ile, hata kama ratiba inaonyesha mtawahi. Ratiba imeandikwa na watu wa Dar es Salaam, mvua ya Bukoba haijaisoma. Nenda siku moja kabla, na ukipata ndege ya mchana chukua hiyo. Gharama ya kulala Mwanza usiku mmoja ni ndogo kuliko kukosa daktari na kupangiwa tarehe nyingine miezi miwili mbele. Na mkigeuzwa njiani, mwambie mama kwamba hilo lilikuwa kwenye mpango.

Nilimwandikia hivyo kabla ya kuja hewani. Amenijibu jana jioni. Miadi ni Alhamisi, wataondoka Jumatano mchana, watalala kwa shangazi yake Kirumba. Mama ameuliza kama anaweza kupata kiti cha dirishani, upande wa kulia.